Mzee wa bahasha ya khaki

Jumanne mchana, stima imerudi tu baada ya kupotea saa nzima, mzee mmoja alipanda ngazi za studio yangu ya picha hapa River Road, Nairobi. Amevaa koti zito la ugenini, jua hili lote. Akatoa picha kwenye bahasha ya khaki.

"Dada, unaweza kuifanya hii iwe kama mpya?"

Ni yeye, amesimama mbele ya jengo la KICC, nywele nyeusi ti. Nyuma imeandikwa 1999. Sasa kichwa chote ni mvi. Akaniambia anafanya kazi Marekani, anatunza wakongwe, na likizo yake ni wiki 3 tu. Mshenga amempatia msichana huko Kitui. Picha ndiyo inatangulia.

Mimi si malaika. Kila siku nafuta watu chunusi, nawavisha suti waliokuja na fulana. Lakini hii ilinikwama, maana siku hizi nasoma sana habari za wanawake wa Korea walioolewa ng'ambo kwa picha.

Wanaume ndio waliotangulia. Kati ya 1903 na 1905 Wakorea kama 7,000 walivuka bahari kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa Hawaii, wengi wao makapera. Miaka ikapita, migongo ikachoka, mke hakuna. Wakaanza kutuma picha nyumbani kupitia kwa washenga: wengine za ujanani, wengine wamepigwa na suti ya kuazima. (Enyi wapiga picha wa Honolulu, nawajua!) Novemba 1910 akateremka Sara Choe, wa kwanza, kuolewa na Yi Nae-su. Hadi Marekani ilipofunga mlango kwa sheria ya 1924, mamia walikuwa wamemfuata.

Mawazo yangu hurudi kila mara pale gatini. Msichana wa miaka 18 ameshika picha, anainua macho, anaiangalia, anainua macho tena. Anayemngoja amempita miaka 15 au zaidi, uso umekaushwa na jua la shambani. Wapo waliolia siku nyingi. Nauli ya kurudi wangeitoa wapi?

Watu hupenda kuishia hapo, wawaonee huruma waende zao. Mimi naona msichana naye alikuwa na hesabu yake. Japani ilikuwa imeimeza nchi yake mwaka huohuo wa 1910, na Hawaii alisikia kuna shule na uhuru. Shosho yangu aliolewa Murang'a bila hata picha, na hesabu zake alikuwa nazo, ila hakuna aliyemuuliza.

Tena hawakukaa wakiililia picha. Waliwafulia makapera wa kambini nguo, wakawapikia kwa malipo, wakaweka senti juu ya senti. Familia nyingi zikahama mashambani zikaingia mjini Honolulu, wanawake wakashona, wakapangisha vyumba. Wengi walifiwa mapema, kwani mume alikuwa mtu mzima tangu mwanzo, wakalea watoto peke yao. Na 1919, Wakorea walipoandamana kudai nchi yao, wanawake hawa waliunda chama cha misaada, wakauza vyakula wapate pesa za kusaidia harakati.

Haya yote sikumwambia mzee. Nilimwambia tu, "Keti hapo kwanza." Nikawasha taa, nikampiga picha moja, na mvi zake na koti lake. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikaziba mikwaruzo ya ile ya 1999. Nywele sikuzigusa, zilikuwa nyeusi za haki.

Akaitazama ile mpya kwa muda. "Hapa kwenye mvi huwezi kupunguza kidogo?"

"Naweza, mzee. Lakini na yeye akikutumia yake iliyopunguzwa?"

Akacheka, akanilipa shilingi 300 za ile ya zamani. Hii nyingine nilimpa bure. Ya 1999 akairudisha kwenye bahasha. Mpya alishuka nayo ngazi ikiwa mkononi.