Tundu la Sabufa

Juzi mwanangu alikuwa akitafuta kifutio chake, akaupenyeza mkono hadi kiwikoni ndani ya bomba la lile boksi tunaloweka feni juu yake, kisha akaniuliza, "Baba, hili tundu ni la panya?" Nilimweleza kwamba boksi hilo ni sabufa, na kwamba hewa iliyomo ndani ya bomba huvuma kama mtu anapopuliza mdomo wa chupa, hata besi ikapata uzito ambao spika peke yake haina. Aliridhika upesi. Mimi ndiye niliyebaki nimeukazia macho ule ubao, nikimkumbuka seremala wa Ngamiani, Tanga.

Mwaka 2009 sikuwa na uwezo wa kununua mfumo wa sinema ya nyumbani, nikaamua kuunda sabufa mbili za kuweka kando ya televisheni yetu ya chogo. Nilishinda wiki nzima kwenye intaneti kafe nikinakili hesabu za maboksi ya spika yenye bomba ambazo mhandisi Neville Thiele alizitoa Australia mwaka 1961 na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, nikatoka na vipimo vyangu: plaiwudi ya milimita 18, ujazo wa lita 60 kwa kila boksi, na bomba la maji la inchi 4 lililokatwa sentimita 26, ili boksi livume kwenye hezi 35 hivi, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Seremala nilimsimamia kama mkaguzi. Hakuwa amezoea kuambiwa kwamba kazi ya mbao inaweza kuharibika kwa kupitisha hewa, lakini alipaka gundi kila kiungo bila kunung'unika. Kuunga nyaya nilijitwalia mwenyewe.

Tulipoziwasha, besi haikuwepo. Ukiweka kiganja kwenye ubao ulihisi unatetemeka, ila ukikaa kochini ulisikia sauti kavu kama ya redio ya mfukoni. Niliongeza sauti hadi amplifaya ikachemka. Asubuhi nilikwenda kumwambia seremala, mbele ya vijana wake, kwamba maboksi yake yanavuja na kwamba salio lake sitalitoa. Hakubisha, aliinama akaendelea kupiga randa.

Usiku wa tatu umeme ulikatika, nami kwa kukosa la kufanya nikatoa betri moja kwenye tochi. Mke wangu alishika chemli karibu na sabufa ya kwanza. Nilipogusisha chanya ya betri kwenye waya wenye mstari na hasi kwenye mwenzake, karatasi ya spika iliruka mbele, *tup*, ikabaki imetuna kama shavu la mtoto aliyenuna. Nikahamia ya pili, nikagusisha vilevile. Ikanywea ndani. Nilirudia mara tatu, nikiipangusa betri kwa shati kana kwamba kosa lilikuwa lake, na kila mara ile moja ilituna na hii ikanywea.

"Hii inatoka, ile inaingia," mke wangu alisema. "Mbona zinakinzana?"

Nilinyamaza, maana jibu nilikuwa nalo. Sabufa moja ilipoisukuma hewa, ya pili iliivuta, na besi zikauana palepale kabla ya kutufikia. Ile ya pili ndiyo niliyoiunga nyaya kwa risasi usiku, kwa haraka, macho yakiwa mazito kwa usingizi, nikazipishanisha; hesabu zote za Thiele na Small zilikuwa sahihi, nikashindwa na nyaya mbili.

Niligeuza nyaya, umeme ukarudi, vioo vya dirisha vikacheza na jirani akagonga ukuta.

Kesho yake nilimpelekea seremala salio na ziada kidogo. Alihesabu noti taratibu, akanirudishia ziada.

"Kwani zimeacha kuvuja?" aliniuliza.

"Zimeacha, fundi."

Aliitikia kwa kichwa, akapuliza maranda yaliyokuwa juu ya meza. Mpaka leo sijui kama alikuwa akiuliza au akinicheka.