Koloni langu lililozeeka usiku mmoja

"Chukua sampuli kila Jumatatu asubuhi, huwezi kukosea." Hayo niliambiwa na mtu aliyenitangulia maabara. Nikakosea miezi minne.

Nilikuwa Italia kwa uzamili, nikifuga Botryllus schlosseri, wanyama wadogo wa baharini wanaoishi wameungana katika koloni moja, kutoka maji ya Venice. Kwa macho ni utando wa rangi unaonata kwenye kamba na maboya. Kwa hadubini ni vinyota, na kila ncha ya nyota ni mnyama kamili mwenye moyo wake, ila mishipa ya damu wanachangia. Katika joto la nyuzi 18 hadi 20 hula na kupumua kama wiki moja, kisha wote hufa pamoja kwa siku moja na ushei, maiti zao zinaliwa na seli za damu za koloni hilohilo, na vichipukizi vinashika nafasi. Mama alinisikiliza kwenye simu, akasema, "Yaani wanafia nyumbani, wanazikwa nyumbani, na nyumba haihami." Kwenye tasnifu sikuwahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo.

Mimi nilifuata protini za mfadhaiko, zinazosaidia protini nyingine kujikunja sawasawa, hasa mortalini ya jamii ya Hsp70, inayokaa zaidi kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Nilitaka kujua koloni likizeeka zinakuwaje.

Jeli ya kwanza, ambapo protini hutengana na kuonekana kama mistari, mweusi zaidi ndiyo nyingi zaidi, raha tupu! Koloni changa mstari mweusi tii, koloni zee umefifia. Nikamwandikia msimamizi saa sita usiku, kwa mbwembwe. Asubuhi akauliza tu, "Siku ya ngapi ya mzunguko?" Kumbe lile zee nililikamata siku ya maziko. Kila koloni lina wiki yake, hili siku sita, lile nane. Jumatatu ilikuwa yangu peke yangu.

Nikarudia. Safari hii, mchana wa Julai, nikayaacha makoloni mezani karibu saa nzima huku napanga vichupa. Mistari yote ikanona, wazee kwa vijana. Protini hizi hupanda mnyama akipata joto, kwa hiyo nilikuwa napima joto la chumba. Sasa sampuli inatoka kwenye maji baridi kwenda moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika. Vichupa vipangwe jana yake.

Kilichoniokoa ni vibanio vya nguo, yuro mbili au tatu pakiti nzima. Kila koloni kibanio chake ukingoni mwa tangi: cheupe, kijani, njano, chekundu, kwa hatua nne za mzunguko, A hadi D. Kila asubuhi hadubini kwanza, kahawa baadaye. Midomo imefunga na miili imesinyaa? Chekundu, usiguse. Nikawa nalinganisha kijani kwa kijani, na ile tofauti yangu kubwa ya usiku wa manane ikabaki kiduchu, lakini ya kweli.

Yule wa Jumatatu alikuja kuazima vibanio. Nikamwelekeza duka lilipo.