Mkaa ghali, akili kichwani

Jamani, mkaa umepanda mpaka naupanga jikoni kipande kimoja kimoja. Sasa hapa kwetu Ngamiani maharage yanalala kwenye maji. Asubuhi namwaga yale ya kulowekea, nabandika na mengine, nafunika sufuria. Yanaiva upesi na gunia linakaa. Kuwashia natumia vifuu. Tanga hii nazi tunakuna kila siku, halafu vifuu tunatupa jalalani! Vinashika moto vizuri, na chai hainuki mafuta ya taa. Makumbi nayatandaza chini ya mpapai, udongo haukauki ovyo.

Soko la Mgandini naenda na kapu la ukili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, ila vile vinailoni vya kufungia nyanya bado vinakufuata mpaka nyumbani, na mvua ikinyesha utavikuta mtaroni. Muuza nyanya ananicheka eti nimebeba kapu la bibi. Acheke tu, machungwa ya Muheza na dagaa vyote vinaenea.

Maji ya kuoshea mchele yanaenda kwenye mchicha, ya kufulia chooni. Baba watoto bado anaacha taa ya barazani ikiwaka mchana kutwa. Hilo tunazozana nalo.