Excel ilivyozimeza ISBN zangu kabla hazijafika Koha

Semina za wakutubi wa vyuo haziishi kuhimiza "stadi za kidijitali", halafu tunafundishwa kupamba slaidi. Mimi kilichonitoa jasho ni faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye vitabu elfu sita na ushei vya kuingiza Koha, programu ya kuendesha maktaba. Fundi wa kompyuta akaniambia, "Libofye mara mbili lifunguke, save, basi."

Nikabofya. Excel ikaiona ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kuwa namba ya hesabu, ikaifupisha: vitabu vya Tanzania vya 978-9987 vyote vikawa 9.78999E+12, vya Kenya vya 978-9966 vikawa 9.78997E+12. Hapo tarakimu bado zipo nyuma ya pazia, ila ukihifadhi CSV kinachoandikwa ni kile kinachoonekana kwenye kisanduku. Nilihifadhi. Tena mara mbili, kwa uhakika! Bakodi 000412 ikabaki 412, kwa hiyo skana ikisoma kitabu, Koha inajibu hakipo. Na ng’ombe, kwa ile koma ya juu iliyopinda, akageuka "ngâ€™ombe", maana faili la UTF-8, usimbaji wa herufi wa kisasa, lilisomwa kwa ule wa zamani wa Windows.

Faili la CSV usilibofye kamwe. Fungua Excel tupu, ingia Data, livute kutokea hapo, chagua UTF-8, na safu za ISBN na bakodi uzifanye Text kabla ya kupakia. Pembeni andika =LEN(B2), ivute mpaka chini, uchuje: ISBN isiyo na herufi 10 wala 13 ni mgonjwa. Wagonjwa wangu niliwafuata rafuni na skana, nikisoma majalada ya nyuma, wiki mbili hivi.

Kwenye MarcEdit, programu ya kugeuza jedwali kuwa rekodi za MARC ambazo Koha inazisoma, sehemu 020 (ISBN), 100 (mwandishi) na 245 (jina la kitabu) hazina shida. Kazi iko sehemu 952, yaani nakala yenyewe: $p bakodi, $o namba ya rafu, $y aina, $a na $b tawi. Msimbo wa tawi usipofanana herufi kwa herufi na ulio ndani ya Koha, rekodi inaingia lakini nakala inakataliwa. Kitabu unakiona kwenye katalogi, kukiazima huwezi.

Anza na rekodi 20. Koha inakuruhusu kubatilisha fungu zima hata likishaingia. Langu nililibatilisha mara nne na hakuna aliyejua. Mara ya tano nilitafuta nisione kitu, nikawa tayari nimeshika kitufe cha kubatilisha, kumbe Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, ilikuwa haijamaliza kupanga faharasa.