Usiku wa roki na mjomba, Oxford Street namba 100

Mjomba hakuwa mtu wa roki hata kidogo. Yeye ni wa muziki wa dansi, wa kizazi kile kinachoweza kubishana kutwa nzima nani alikuwa mkali zaidi, Msondo au Sikinde, bendi mbili kongwe za Dar es Salaam. Ndiyo maana nilishangaa aliponipigia simu mwaka 2011, baridi ya London ilipoanza kulegea, akaniambia Ijumaa nisipange kitu kingine, tunakwenda 100 Club, ukumbi wa muziki pale Oxford Street.

"Mjomba, pale siku hizi ni magitaa ya kelele tu."

"Najua. Nataka nikaone kama pangali papo."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwishoni mwa 2010 zilienea habari kwamba klabu inafungwa. Kodi ya pango na ushuru wa biashara pale Oxford Street vilikuwa vimepanda hadi ukumbi wa watu 350 usiweze kuvilipa kwa kuuza tiketi na bia. Mwenye klabu, Jeff Horton, ambaye familia yake inaiendesha tangu 1964, alisema wazi kuwa hesabu hazikubali. Mashabiki wakaanza kuchangishana. Tarehe 17 Desemba Paul McCartney wa Beatles akaenda kupiga pale mchana, saa za chakula. Mchana huo mimi nilikuwa nimefunga aproni, natengeneza sandwichi mtaa wa pili, na habari nikazisikia jioni. Niliudhika wiki nzima.

Februari ukaja mpango wa kuinusuru: Converse, wale wa raba, wakawa wadhamini. Jina la mlangoni halikuguswa.

Unaingia kwa mlango ambao ungeupita bila kuuona, katikati ya maduka ya nguo, unashuka ngazi mpaka chini ya ardhi. Kule chini ni chumba kipana kisicho na kina, kuta nyekundu, picha za zamani, zisizo za rangi, za watu waliowahi kupiga pale. Jukwaa ni fupi, unaweza kumfunga mpiga gitaa kamba za viatu bila kunyanyua mkono. Na kuna nguzo. Ukichelewa, utatazama nguzo usiku kucha huku ukisikia bendi. Mjomba alikwenda moja kwa moja upande wa kulia, akasimama mahali ambapo nguzo haimzibi. Miaka mingi alikuwa hajaingia, lakini miguu ilipakumbuka.

Kumbe pale ndipo alipokuwa akimalizia wiki miaka ya themanini, akitoka kufagia ofisi. Siku za Ijumaa Julian Bahula, mpiga ngoma wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alikuwa akileta bendi za Waafrika, wengi wao wakimbizi wa ubaguzi wa rangi. "Wazungu walikuja kucheza," mjomba aliniambia, "sisi tulikuja kusikia lugha zetu zikiimbwa." Nilikuwa nimeishi London miaka kadhaa, na klabu ile nilikuwa naijua kwa jambo moja tu: zile siku mbili za Septemba 1976, walipopiga Sex Pistols, The Clash na wenzao, na punk, roki ile ya haraka na ya fujo, ikapata jina mjini. Hiyo ndiyo hadithi inayouza fulana. Habari ya Ijumaa za Bahula sikuwahi kuisikia kwa shabiki yeyote wa roki.

Bendi ya usiku ule ilikuwa ya vijana wanne, majina yao yamenitoka. Walipiga kwa nguvu na kwa haraka, kila wimbo ukaisha kabla hujajua umeanza. Mjomba alikunja karatasi ya chooni akaziba masikio, lakini kichwa kikawa kinatikisika. "Dramu anajua," alisema. "Huyu wa solo anakimbizwa na nani?"

Wakati wa mapumziko tukasimama kaunta na jamaa mmoja mwenye upara na koti la ngozi lililochakaa viwikoni. Alidai alikuwepo 1976. (Idadi ya watu waliokuwepo 1976 ingejaza uwanja wa Wembley, lakini huyu nilimwamini.) Alikuwa na uchungu na udhamini. Klabu ambayo punk ilizaliwa ndani yake, alisema, sasa inalishwa na kampuni ya viatu. Bora ingekufa na heshima yake.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka soda yake chini. Kwa Kiingereza chake cha taratibu akamuuliza, kwani bendi inaishi kwa hewa? Kisha akamtandikia historia ya kwetu. NUTA Jazz iliundwa 1964 na chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma na watu bado wanacheza. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, UDA Jazz ya mabasi ya mjini. Mlimani Park, hao Sikinde, ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Ilipoishia pale, shirika la maendeleo la jiji, DDC, likaichukua 1983. "Polisi nao walikuwa na bendi," alimalizia. "Polisi!"

Jamaa alicheka hadi akakohoa. Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Na mwanamuziki akikosana na hao polisi?"

Mjomba hakujibu haraka. "Anaondoka mikono mitupu," alisema. "Magitaa ni ya mwajiri. Spika ni za mwajiri."

Hapo ndipo nilipoona wote wawili wanagusa kitu kilekile. Raba za Converse hazikuwa tatizo, wala hazikuwa dawa. Klabu ni mpangaji. Ilikuwa mpangaji tangu 24 Oktoba 1942, pale ukumbi huohuo ulipokuwa mkahawa wa Mack's na kina Feldman walipoukodi wapige swing, jazz ya kuchezea, wakati wa vita, dramu zikipigwa na mtoto wao Victor wa miaka minane, ambaye baadaye alikuja kupiga na Miles Davis, yule gwiji wa jazz. Mdhamini analipa pango la mwaka huu. Converse walikuja, baadaye wakaja Fred Perry, wale wa fulana, na naona jambo lililosaidia kwa kina zaidi lilitoka kwa serikali ya mtaa: mwaka 2020 halmashauri ya Westminster iliisamehe klabu ushuru wote wa biashara. Angalau hapo mzigo wenyewe ulipunguzwa, badala ya kutafutiwa wachukuzi wapya.

Usiku ule hakuna aliyelijua hilo. Bendi ilirudi jukwaani, na jamaa wa koti la ngozi akawa anamwinamia mjomba sikioni kati ya nyimbo, anamuuliza Msondo ina magitaa mangapi, wapulizaji wanasimama wapi, kiingilio shilingi ngapi. Mjomba ikabidi atoe karatasi zake masikioni ili amsikie.