Nilivyoigeuza picha ya babu kuwa herufi tupu

Watu wakiingia sebuleni wanadhani ni picha ya kawaida tu, wakisogea karibu ndo wanakuta ni @ na # na nukta, basi maswali hayaishi, acha niandike mara moja yaishe.

Nimetumia Python, lugha ya kuandikia programu, na laibrari yake ya picha inayoitwa Pillow, vyote bure, kodi yenyewe (yaani maelekezo unayoiandikia kompyuta) haifiki hata mistari 20. Unaigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, unaipunguza mpaka pikseli moja, kile kidoti kidogo cha picha, iwe sawa na herufi moja, halafu kila pikseli ina namba yake kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 nyeupe pee, hiyo namba ndo inakuchagulia herufi. Zangu ni hizi @%#*+=-:. na nafasi tupu mwishoni, jumla 10. @ ina wino mwingi inakaa kwenye giza, nafasi tupu inakaa penye mwanga. Kama unaiangalia kwenye skrini nyeusi unazigeuza kinyume, la sivyo unapata negativu. Wala sio mambo mapya haya, 1966 Kenneth Knowlton na Leon Harmon wa Bell Labs kule Marekani walishatoa picha kubwa ya mwanamke aliyelala kwa vialama vidogovidogo.

Kingine herufi sio mraba. Kwenye fonti ya Courier New ni nyembamba na ndefu, ukiziacha hivyo sura inavutika kwenda chini kama sio yeye, kwa hiyo idadi ya mistari unaikata karibu nusu. Na fonti lazima iwe ya hivyo, ambayo i na m zina upana sawa.

Ila kazi kubwa iko kwenye picha yenyewe, sio kodi. Babu kavaa kofia nyeupe na kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa, sasa hapo vyote vinakuwa nafasi tupu unabaki na uso unaelea hewani, na uso wenyewe kwa vile babu alikuwa mweusi wote unakuwa @ na %, macho huyaoni. Nikaingia GIMP, programu ya kuhariri picha, nikautia ukuta giza, nikakata picha ibaki kuanzia kifuani, halafu kontrasti nikaipandisha usoni peke yake. Hapo ndo babu akatokea, mpaka makunyanzi.

Nilichapisha A3, upana herufi 150, saizi 8. Steshenari peleka PDF, ukipeleka Word na kompyuta yao haina hiyo fonti kila kitu kinavurugika. Kwa WhatsApp ni habari nyingine, simu nyembamba mistari inajikunja, huko bora alama za nukta nundu, zile za maandishi ya wasioona, kwenye kompyuta moja inabeba nukta 8 kwa hiyo chache zinatosha.

Sasa shangazi anataka ya harusi yake, wamejipanga ukoo mzima. Nimemwambia shangazi hiyo haiwezekani, uso mmoja tu unataka kama herufi 40 kwa upana, achague maharusi wawili. Kanuna.