Siku yangu na namba za sekunde

Saa 1:40 asubuhi. Daladala imejaa, nimening'inia mlangoni, simu inaita. Dada wa uhasibu. "Kaka, ripoti yako inasema mteja alilipa tarehe 14. Yeye ana meseji ya tarehe 15." Kabla sijashuka nishajua kilichotokea.

Saa 2:30. Chai bado inafuka. Nafungua data ghafi, natafuta malipo yale: 1700000000. Bilioni moja na milioni mia saba kamili, bahati ya namna yake! Seva haijui Novemba wala Jumatano. Inahesabu sekunde tu tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya UTC, saa ya kimataifa. Kwenye Excel niligawanya kwa 86,400, ambazo ni sekunde za siku nzima, nikajumlisha 25569, namba ambayo Excel inaiita 1 Januari 1970. Jibu: 14 Novemba 2023, 22:13:20. Nikaridhika, nikatuma. Kumbe sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Naongeza +3/24, tarehe inaruka: 15 Novemba, 01:13:20. Kosa ni langu.

Saa 4:15. Bado haijaisha. Kijana wa huduma kwa wateja aliambiwa "saa saba na dakika kumi na tatu usiku", akaandika 07:13, kisha akahangaika kutafuta malipo ya asubuhi. Simlaumu. Saa ya Kiswahili naigeuza kichwani, na kichwa huchoka.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8:20. Faili kutoka kwenye programu mpya ya simu. Nabandika fomula ileile, safu nzima inajaa alama za reli (####). Nahesabu tarakimu: 13, si 10. Hizi ni milisekunde, elfu moja kwa kila sekunde. Nimeipeleka Excel mwaka wa 55,000 na ushei, nayo mwisho wake ni 9999. Nagawanya kwa 1,000 kwanza, tarehe zinarudi.

Saa 10. Malipo matatu ya 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Hakuna aliyelipa. Ni sifuri iliyowekwa pale palipotakiwa kuachwa wazi.

Saa 11:30 jioni. Ripoti mpya imekwenda, juu ya safu nimeandika "saa za Afrika Mashariki". Dada kampigia mteja, kamwambia malipo yameonekana, usiku wa kuamkia tarehe 15.

"Si ndivyo nilivyowaambia?"